Wazimu wa "The Raven" hauko kwa ndege, uko kwenye vina na kibwagizo (uzi mrefu)

MshororoWaSita (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na sitaomba radhi. Mwenye haraka apite, mwenye kahawa avute kiti.

Nataka tulichambue "The Raven" la Edgar Allan Poe, shairi lililotoka New York kwenye gazeti la Evening Mirror tarehe 29 Januari 1845. Kisa chenyewe ukikisimulia kikavu hakina kitu. Usiku wa manane, mwezi Desemba, mwanamume yuko peke yake chumbani anasoma vitabu vya kale ili asimfikirie Lenore, mwanamke aliyemfia. Anasikia mlango unagongwa. Anafungua, giza tupu. Anasikia kitu dirishani. Anafungua, anaingia kunguru mkubwa kwa madaha, anatua juu ya sanamu ya Pallas, yule mungu wa hekima wa Wagiriki, iliyo juu ya mlango. Jamaa kwa utani anamuuliza jina. Ndege anajibu "Nevermore", yaani haitakuwa tena. Kila swali kuanzia hapo, jibu ni hilo hilo, na jamaa anakwisha mbele ya macho yetu. Basi.

Wachambuzi wengi wakifika hapa wanaanza kubishana kunguru ni nani: shetani, mauti, kumbukumbu, dhamiri? Mimi naona huko ni kumfuata ndege aliyekaa kimya juu ya sanamu yake. Kunguru hafanyi lolote. Ana neno moja la kukariri. Anayefanya kazi yote ni yule anayeuliza, na Poe hakutuambia kwa maelezo kwamba huyu mtu anapoteza akili. Katia jambo hilo kwenye mizani (hesabu ya silabi), vina na kibwagizo (maneno yanayorudiwa mwishoni mwa ubeti). Sisi tuliolelewa na shairi la arudhi, lenye kanuni za vina na mizani, tuna masikio ya kulisikia.

Tuhesabu. Mshororo wa kwanza: "Once upon a midnight dreary, while I pondered, weak and weary". Silabi 8 kabla ya koma ya kwanza, 8 baada yake. Ukwapi na utao, yaani nusu mbili za mshororo, mizani 16, na kina cha kati kipo. Mtu wa Mombasa wa enzi za mshairi Muyaka, hata kama hajui neno moja la Kiingereza, angesikia kwamba hapa kuna shairi. Ila angeshtuka kidogo, kwa sababu kwetu kina cha kati humwitikia mwenzake wa mshororo wa chini. Kwa Poe, "dreary" kinaitikiwa na "weary" ndani ya mshororo huo huo. Wazo linaondoka, linatembea silabi nane, linajikuta limerudi lilipotoka. Mshororo wa tatu unafanya vilevile, "napping" kwa "tapping", halafu wa nne unaingiza "rapping" katikati, wakati ambapo sikio lilishadhani limepumzika. Aliyewahi kukesha na fikra moja anaujua mwendo huu.

Sasa vina vya mwisho. Ubeti una mishororo sita, kwa hiyo ni tasdisa. Wa sita ni mfupi, silabi 7 tu, kwa hiyo ni msuko. Mshororo wa 2, wa 4, wa 5 na wa 6 yote inaishia sauti moja, "-ore", na si kwa ubeti mmoja tu. Ni kwa beti zote 18. Shairi lina mishororo 108, na 72 kati ya hiyo inafunga kwa sauti ya jina la marehemu. Akitaja mlango, "door". Akitaja sakafu, "floor". Akitaja ufuo wa kuzimu, "shore". Hawezi kutaja samani za chumba chake mwenyewe bila Lenore kusikika ndani yake. Halafu angalieni mshororo wa tano: katika kila ubeti, bila kukosa hata mmoja, unafunga kwa neno lile lile lililofunga wa nne. Si kina tu, neno zima. Mtu anasema, kisha anarudia alichosema kama asiyeamini kwamba amesema.

Na silabi za mwisho zimekatwa kwa makusudi. Kiingereza kinapima pia mkazo, na hapa pigo zito linatangulia, jepesi linafuata, kama yalivyo maneno yetu ya silabi mbili: kifo, giza, chozi. Ushairi mwingi wa Kiingereza unakwenda kinyume chake, jepesi kwanza. Basi mshororo wa kwanza unamaliza kwa pigo jepesi, unaning'inia, lakini ile yote yenye "-ore" imepokonywa silabi moja ili ifie kwenye pigo zito. Ndiyo maana "nothing more" inabamiza.

Sasa kibwagizo, na hapa ndipo nilipokuwa nawapeleka. Beti saba za mwanzo zinamalizika kwa "nothing more" (wa pili una "evermore"): ni mgeni tu, ni upepo tu, hakuna zaidi. Mtu anajituliza. Kuanzia ubeti wa 8 hadi wa 18 kibwagizo ni "Nevermore", mara 11. Wengi wanadhani kunguru kasema mara 11. Hesabuni tena. Kunguru kasema mara 6 tu: ubeti wa 8, 10, 14, 15, 16 na 17. Zile tano nyingine kasema jamaa mwenyewe. Ubeti wa 9 anashangaa jina la ajabu hili. Wa 11 anaeleza kwamba ndege lazima alilikariri kwa bwana fulani mwenye bahati mbaya. Wa 12 anakaa kwenye kiti cha mahameli akitafakari maana yake. Wa 13 anatazama mto wa kiti hicho na kusema Lenore hataulalia tena, na hapo hakuna aliyemuuliza chochote, ndege kanyamaza. Wa 18 ndiyo hukumu ya mwisho, na inatoka kinywani mwake.

Na turudi ubeti wa 11, kwa sababu ndio ushahidi wangu mkubwa. Pale jamaa anakiri kwa akili timamu kwamba neno hilo ndilo akiba pekee aliyonayo ndege huyu. Anajua! Halafu, akijua, anakwenda kumuuliza kama kuna zeri katika Gileadi, yaani kama kuna dawa ya maumivu haya. Na baadaye anamuuliza kama atamkumbatia Lenore peponi. Angeuliza "Je, nitateseka tena?" angepata jibu la faraja kwa neno lile lile. Hakuuliza hivyo. Anatunga maswali yanayofaa jibu ambalo tayari analo, kila swali chungu kuliko lililopita.

Poe mwenyewe alisema hivyo kwenye makala aliyochapisha Graham's Magazine mwezi Aprili 1846: kwamba mtu huyu anauliza nusu kwa ushirikina na nusu kwa ile aina ya kukata tamaa inayofurahia kujitesa.

Naishia hapo kwa sasa. Karibuni.

---

Dogo_wa_Feri

Mkuu umeshusha nondo, ila mimi nina tatizo la msingi. Kunguru? Kunguru wa huku kwetu ni mwizi wa samaki, unamfukuza kwa ndala. Angekuwa bundi ningeogopa. Bundi akilia juu ya bati hata mjomba wangu asiyeamini chochote anatoka nje na panga.

---

MshororoWaSita

Hahaha. Kwanza huyu si yule kunguru mdogo wa sokoni. Ni ndugu yake mkubwa, mweusi tii hadi miguu, sauti nzito ya kukwaruza. Ila swali lako lina mashiko, maana Poe kasema wazi kwamba alihitaji kiumbe kisicho na akili lakini kinachoweza kutamka, na aliyemjia kwanza kichwani alikuwa kasuku. Akamwacha kwa sababu rangi na tabia zake hazipatani na msiba. Bundi angelia tu. Shairi linahitaji ndege anayesema neno la watu bila kulielewa.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1841 Charles Dickens alitoa riwaya ya Barnaby Rudge yenye kunguru anayesema, anaitwa Grip, na Poe aliihakiki. Akalalamika kwamba yule ndege angeweza kutumika vizuri zaidi, milio yake iwe kama utabiri katika mwendo wa kisa. Miaka michache baadaye akafanya mwenyewe alichomlaumu mwenzake kwa kutokifanya. Grip wa kweli, aliyefugwa na Dickens, alikaushwa baada ya kufa na yuko maktaba ya umma ya Philadelphia hadi leo.

---

Mwl_Mstaafu

Uchambuzi mzuri, kijana. Nina marekebisho moja na pingamizi moja.

Marekebisho: usije ukaiita bahari yake, yaani aina ya shairi, mtiririko, ambao vina vyake havibadiliki toka mwanzo hadi mwisho. Mshororo wa kwanza na wa tatu vina vyake vinabadilika kila ubeti. Lililo karibu zaidi ni utenzi wetu, ambamo mishororo mitatu ya kwanza hubadili kina kila ubeti lakini wa nne unashika kina kimoja kuanzia bismillahi hadi tamati. Poe kachukua kazi ya ule mshororo wa nne akaipa mishororo minne kati ya sita. Ni utenzi uliovimba.

Pingamizi: umeitaja ile makala ya 1846 kwa heshima kubwa mno. Nimeisoma. Mle Poe anadai kwamba alianza kwa kuamua urefu, takriban mishororo 100 ili msomaji amalize kwa mkao mmoja. Kisha akachagua hali ya huzuni. Kisha akatafuta sauti inayovutika, akapata "o" ndefu na "r". Kisha neno lenye sauti hizo. Mwisho kabisa ndipo akauliza ni mada gani ya huzuni kuliko zote, akajibu: kifo cha mwanamke mrembo. Yaani msiba umekuja baada ya konsonanti! Mtu mwenye uchungu hahesabu silabi. Si bure Emerson, mwandishi mwenzake wa Marekani, anasemekana kumwita Poe mtu wa njuga. Mapigo haya yananichosha. Kufika ubeti wa 10 nasikia kinanda cha sarakasi, sisikii mfiwa.

---

binti_wa_Amu

Mwalimu shikamoo. Mimi nakataa kwamba mwenye uchungu hahesabu silabi. Wa kwetu walihesabu.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir katunga utenzi wa Al-Inkishafi kwa mizani iliyonyooka kama uzi wa fundi, na ndani yake kuna maombolezo ambayo sijaona mfano wake: nyumba za Pate zilizokuwa na taa na vyombo vya kaure, sasa kwenye madaka, vile vishubaka vya ukutani, wamelala makinda ya ndege, na bumu anakoroma katikati ya nyumba. Dogo_wa_Feri, bundi wako huyo hapo! Na yuko ndani ya nyumba, sawasawa na kunguru wa Poe.

Lakini tofauti ni kubwa, na nadhani ndiyo inayoonyesha wazimu uko wapi. Sayyid Abdallah anausemesha moyo wake. Anauliza, anaukanya, anauonyesha magofu, na hatamwuliza bumu kitu. Ndege kwake ni ushahidi wa uharibifu, si msemaji. Anajua nani wa kuzungumza naye. Huyu wa Poe kachukua swali la akhera, kama ataonana na mpenzi wake peponi, akalipeleka kwa ndege. Vitabu anavyo, Maandiko anayajua maana anataja Gileadi, na hekima iko juu ya mlango wake kwa umbo la sanamu. Kunguru kaikalia kichwani. Sidhani Poe angeweza kulisema wazi zaidi ya hapo.

La pili, nalisema kama mtu wa Pwani. Kwetu kukiwa na msiba mlango haugongwi, uko wazi. Watu wamejaa, kuna mikeka, kuna sufuria, hata kama ungetaka kukaa peke yako na fikra zako hawakuachi. Huyu bwana kafiwa hana hata jirani. Ndiyo maana mlango ulipogongwa usiku ule akaomba radhi kwa giza, "bwana au bibi, nisameheni". Kwa hamu ya mgeni tu. Kisha akaja ndege.

---

Msomaji_wa_Kisumu

Hii ya binti imenikalia vizuri sana.

Niulize swali la mtu wa kawaida. Tulifundishwa shuleni kwamba Poe aliandika hili baada ya kufiwa na mkewe. Sasa Mwalimu anasema lilitungwa kwa hesabu. Ipi ni ipi?

---

MshororoWaSita

Hiyo ya shuleni haiendani na tarehe. Mkewe, Virginia, alifariki tarehe 30 Januari 1847, miaka miwili na siku moja baada ya shairi kutoka. Alipokuwa anaandika, mkewe yuko hai ndani ya nyumba ile ile, anakohoa.

Na hiyo kwangu ni mbaya zaidi. Virginia alianza kutoka damu mdomoni Januari 1842, akiwa anaimba. Kifua kikuu. Kuanzia hapo akawa anazama na kuibuka kwa miaka mitano. Kuna barua ambayo Poe alimwandikia kijana mmoja, George Eveleth, tarehe 4 Januari 1848, akieleza miaka hiyo. Anasema mshipa ulipopasuka alimuaga mkewe kabisa na kupitia uchungu wote wa kifo chake. Akapata nafuu, naye akatumaini. Ukapasuka tena. Na tena. Kila mara anamzika moyoni, kila mara anafufuka. Anasema akawa mwendawazimu, mwenye vipindi virefu vya utimamu wa kutisha. Na kwamba kilichomvunja hakikuwa kifo, kilikuwa kule kuyumba kusikokoma kati ya tumaini na kukata tamaa.

Sasa rudini kwenye shairi na barua hiyo mkononi. Pigo zito, jepesi, zito, jepesi. Swali, jibu, swali, jibu. Mwalimu unasikia kinanda cha sarakasi. Mimi nasikia hicho alichokieleza: kuyumba. Tumaini linapanda kwenye mishororo mitano, wa sita unalipiga chini, halafu ubeti unaofuata mtu anaanza tena kutumaini. Ungevunja mizani hata mara moja, ungempa msomaji pa kupumulia, na mfiwa wa aina hii hana pa kupumulia.

Sisemi makala ni uongo. Mtu anaweza kuwa na hesabu kali na uchungu mkali kwa wakati mmoja. Mtu anayepiga kelele ovyo unamhurumia. Huyu wa ubeti wa 17 anapiga kelele "toa mdomo wako moyoni mwangu, ondoa umbo lako mlangoni mwangu", na vina vyake vyote vimekaa mahali pake, kati na mwisho. Huyo ndiye anayenitisha.

---

Nesi_wa_Zamu

Nimepita kusoma tu, nimeshindwa kuondoka bila kusema.

Kazi yangu inanikutanisha na wafiwa saa za usiku. Lile swali ambalo mtu analiuliza akijua jibu, nalisikia mara nyingi. "Dada, tungemleta jana angepona?" Unajibu kwa upole. Anauliza tena. Anabadilisha maneno kidogo, "na tungempitisha kwanza kwa mganga mkuu wa wilaya?" Ukimwambia hapana, anakuwa kama anapungukiwa, ukimwambia labda, ni kosa, utamuua. Sijui mashairi, lakini huyu ndege angekuwa nesi angekuwa anajibu sawasawa na tunavyojibu.

Ila msiwaite wendawazimu. Wengi wakifika asubuhi, ndugu wakija, wanaacha.

---

binti_wa_Amu

Ndugu wakija. Nashukuru dada.

---

Msomaji_wa_Kisumu

Nimelisoma shairi leo kwa mara ya kwanza tangu shule, kwa sauti, nimefunga mlango. Mambo mawili yamenikwama.

Moja, kuna mahali anasema hewa imekuwa nzito, imefukizwa ubani, na malaika wanatembea nyayo zao zinalia kama vikengele juu ya zulia. Zulia! Nyayo zinaliaje kwenye zulia?

Mbili, ndege yuko juu ya mlango. Taa inamwangazia na kutupa kivuli chake sakafuni. Taa hiyo iko wapi? Ikiwa mezani, kivuli kingeangukia ukutani.

---

MshororoWaSita

Umeuliza maswali mawili ambayo Eveleth yule yule alimuuliza Poe, na majibu yapo, kwenye barua ya tarehe 15 Desemba 1846. Kuhusu taa, Poe alisema alikuwa na picha ya kinara kilichofungwa ukutani, juu kabisa, juu ya mlango na juu ya sanamu, kama ilivyokuwa kwenye majumba ya kifahari ya Uingereza na hata nyumba bora za New York. Mimi naona hapo alikuwa anajitetea baada ya tukio.

Kuhusu nyayo alikubali kwamba pingamizi ni zito zaidi, na kwamba lilimjia yeye mwenyewe alipokuwa akitunga, akasita. Akaliacha neno lile makusudi: kwa kuwa mguu wa binadamu hauwezi kulia kwenye zulia laini, basi kulia kwake kunatia hisia kwamba kilichopo si cha dunia hii.

Mimi ningeongeza kidogo. Angalia ubeti huo umekaa wapi. Ni wa 14, mara tu baada ya ule ambao jamaa kalisema "nevermore" mwenyewe kuhusu mto wa kiti. Hadi hapo kila alichosikia kilikuwa na sababu. Kugongwa kwa mlango, upepo, ndege aliyefundishwa neno. Yeye mwenyewe alikuwa anatoa sababu hizo. Kuanzia kwenye zulia, anasikia kisichoweza kusikika na haulizi tena kwa nini. Na kwenye ubeti huo anajiita mwenyewe "ewe mnyonge", anajiambia Mungu kakuletea dawa ya kusahau, inywe umsahau Lenore. Hakumsemesha ndege. Ndege ndiye aliyejibu! Mpaka kati ya kuwaza na kusema umeshavunjika, na Poe hakutia hata sentensi moja ya kutuambia.

Baada ya hapo angalieni anavyomwita ndege. Mwanzo alikuwa anamtania kwa vyeo, jina lako tukufu ni nani. Sasa ni "nabii", "kiumbe cha uovu", "ndege au shetani". Mshororo mmoja mzima umerudiwa bila kubadilishwa hata herufi mwanzoni mwa ubeti wa 15 na wa 16. Takriri ilianza kwenye vina, ikahamia kwenye neno, sasa imemeza mshororo mzima.

---

Mwl_Mstaafu

Hoja ya ubeti wa 14 naipokea. Sikuwahi kuona kwamba pale haulizwi ndege.

Niwaongezee kitu kilichonipata darasani kwa miaka mingi, kuhusu ubeti wa 5, ambao hamjaugusa. Jamaa kafungua mlango, kasimama anachungulia giza, ananong'ona "Lenore?" kwa alama ya kuuliza. Mwangwi unarudisha "Lenore!" kwa alama ya mshangao. Neno ni lile lile. Aliyejibu ni chumba. Kwa hiyo kabla ndege hajaingia, mtu huyu alishauliza swali na kujibiwa kwa sauti yake mwenyewe. Kunguru ni mwangwi wa pili. Wanafunzi walikuwa wakiliona hili haraka kuliko mimi nilivyokuwa nikilieleza.

Na takriri za konsonanti, mwanzisha uzi, umezipita mbio. Pazia la zambarau katika ubeti wa 3: "silken, sad, uncertain rustling". Ile "s" inafanya kitambaa kisikike kikijikuna. Halafu ubeti wa 12 anapomtazama ndege kwa mara ya kwanza bila tabasamu: "grim, ungainly, ghastly, gaunt". Hapo ni "g" tupu, koo linakwaruza. Kabla ya kusema maana, ulimi wa msomaji umeshalia kama kunguru. Hapo nampa Poe haki yake, njuga au si njuga.

---

Dogo_wa_Feri

Mwalimu umeanza kulainika.

Mimi nataka kujua mwisho. Jamaa alikufa au hakufa?

---

MshororoWaSita

Mwalimu, ule wa mwangwi naukopa bila kurudisha.

Dogo, hakufa, na hilo ndilo baya. Beti 17 zote zinasimulia yaliyopita: nilisikia, nilifungua, nilisema. Ubeti wa 18 unahamia wakati uliopo. Kunguru bado amekaa, bado amekaa, Poe karudia mara mbili, juu ya sanamu ile ile. Taa bado inamwangazia. Kwa hiyo msimulizi yuko ndani ya chumba hicho sasa anapotusimulia. Tulidhani tunasikiliza mtu aliyetoka kwenye jambo akakaa akalieleza. Kumbe hajatoka. Na "nevermore" ya mwisho kaisema bila kuulizwa na bila ndege kufungua mdomo: roho yangu kutoka kwenye kivuli hicho haitainuliwa tena.

Ndiyo maana tafsiri za Kifaransa, pamoja na ukubwa wa waliozifanya, Baudelaire mwaka 1853 na Mallarmé mwaka 1875 kwa michoro ya Manet, zinanipa kisa tu. Wote wawili walitumia nathari, lugha ya kawaida isiyo na vina wala mizani. Kisa kipo, chumba kipo, ndege yupo, lakini ule mtego wa "-ore" umefunguliwa na jamaa anaweza kutoka mlangoni akitaka.

---

Mwl_Mstaafu

Nakubali kuhusu nathari. Sikubali kuhusu roho. Anayesema "haitainuliwa tena" kwa wakati ujao wenye uhakika namna hiyo ameshajifanya kunguru. Hatuna sababu ya kumwamini kuliko tulivyomwamini ndege. Wewe umekaa na ushahidi kwamba neno hilo limekaririwa, halafu mwisho unalipokea kama hukumu.

---

binti_wa_Amu

Mwalimu anasema kweli. Nesi kasema wakifika asubuhi wengi wanaacha. Shairi zima ni usiku mmoja.

---

MshororoWaSita

Ni usiku mmoja ambao wakati wake umegeuka kuwa uliopo, dada, kwa hiyo kwenye maandishi hakuna asubuhi. Hapo tutabaki tunavutana na sina shida. Atakayetaka kuendelea asome "Ulalume" la Desemba 1847, miezi 10 hivi baada ya Virginia kuzikwa. Huko mtu anatembea usiku akizungumza na nafsi yake hadi anafika kwenye kaburi ambalo alikuwa amesahau kwamba alizika yeye mwenyewe, na takriri zake ni nzito kuliko hizi. Mwalimu, lile litakuchosha kufikia ubeti wa tatu, lakini njoo na daftari.